Vidonda vya kinywa vya tiba ya saratani: dawa ya kusukutua, chumvi na neno "magadi"

Mimi ni mfamasia. Nimezaliwa Mombasa, lakini kazi imeniweka Nakuru na huu ni mwaka wa tisa. Kila nirudipo nyumbani hakosekani jirani au jamaa wa kunivuta kando baada ya salamu: "Mwanangu, shangazi yako anapigwa mionzi, mdomo wote umekuwa vidonda, hata maji hayapiti. Hakuna dawa ya kusukutua?" Nimelijibu swali hili barazani, kwenye simu, hata matangani. Leo nalijibu kwa maandishi, ili anayeuguza aweze kulisoma kwa utulivu na kumwonyesha mwenziwe.

Jibu fupi ni hili: dawa zipo, lakini zilizothibitishwa ni chache kuliko zinazouzwa, na hakuna hata moja inayofanya kazi ikiwa mgonjwa amenyamaza na maumivu yake. Sasa jibu refu.

Vidonda hivi vinatoka wapi

Ngozi laini ya ndani ya kinywa hujibadilisha upesi. Chembe za chini huzaana kila siku kuchukua nafasi ya zile za juu zinazokwanguka tunapokula. Dawa nyingi za saratani hufanya kazi kwa kuua chembe zinazozaana upesi, na hazina macho ya kutofautisha uvimbe na kinywa. Mionzi ya kichwani na shingoni nayo hupitia humo humo.

Zamani ilidhaniwa kuwa ngozi hiyo huchomeka tu, basi. Stephen Sonis, mtaalamu wa maradhi ya kinywa kutoka Boston, ndiye aliyeeleza kuwa jambo lenyewe lina hatua tano. Kwanza chembe za ndani huumizwa, wakati kwa nje kinywa bado kizima. Pili mwili hutoa ishara za uvimbe. Tatu ishara hizo huongezana zenyewe kwa zenyewe. Nne ngozi hufunguka, kidonda huonekana na vijidudu huingia. Tano kidonda hupona. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa aanze kutunza kinywa kabla ya kuumwa. Siku anapoona kidonda, kazi ya uharibifu imeshafanyika siku nyingi nyuma.

Kwa anayepewa dawa za mishipani, vidonda huanza kati ya siku ya tano na ya kumi, na mara nyingi hupona ndani ya wiki mbili au tatu. Florourasili, metotrekseti na doksorubisini ni miongoni mwa dawa zinazojulikana kwa jambo hili. Kwa anayepigwa mionzi ya kichwa na shingo, huanza wiki ya pili au ya tatu, huzidi kadiri matibabu yanavyoendelea, na hubaki wiki kadhaa baada ya mionzi kwisha. Kati ya hawa wa mionzi ya kichwa na shingo, wanaosalimika kabisa ni wachache mno.

Shirika la Afya Duniani hupima hali hii kwa daraja. Sifuri ni kinywa kizima. Moja ni wekundu na maumivu. Mbili ni vidonda, lakini mgonjwa bado anakula chakula kigumu. Tatu ni vinywaji tu. Nne ni kutoweza kula wala kunywa. Ukienda kwa daktari usiseme tu "kinauma." Sema, "Jana alikula wali, leo anaweza uji tu." Sentensi hiyo moja inamwambia daktari daraja.

Kwa nini lisichukuliwe kuwa jambo dogo

Mionzi ya saratani ya kichwa na shingo kwa kawaida hutolewa siku tano kwa wiki kwa muda wa wiki saba hivi, mara 35. Hesabu hiyo imepangwa makusudi. Siku zikirukwa, chembe za saratani zilizobaki hupata nafasi ya kuzaana tena, na uwezekano wa kupona hushuka. Mgonjwa anayekaa nyumbani siku nne kwa sababu kinywa kimemshinda hajapumzika. Amempa adui wake likizo.

Kisha kuna njaa. Mtu asiyekula hupungua, na mtu aliyepungua huahirishiwa dawa. Na kidonda kilicho wazi wakati kinga ya mwili imeshuka ni mlango wa maambukizi kuingia kwenye damu. Kwa hiyo chupa ile ya kusukutua si ya kumstarehesha mgonjwa tu. Inamsaidia amalize matibabu aliyoyaanza.

Kwa nini naandika haya kutoka Nakuru

Wako watakaouliza: Nakuru na saratani ya kinywa vina uhusiano gani? Upo. Nyanda za juu za Bonde la Ufa zimejulikana kwa madaktari tangu zamani. Katika miaka ya 1960, daktari mpasuaji Peter Clifford, aliyefanya kazi Nairobi, aliandika juu ya saratani ya nyuma ya pua miongoni mwa watu wa nyanda za juu za Kenya. Kusini kidogo, Bomet, madaktari wa hospitali ya Tenwek wameandika kwa miaka mingi juu ya saratani ya umio, hata kwa vijana wa chini ya miaka 30. Saratani hizi mbili hutibiwa kwa mionzi, kwa dawa, au kwa vyote viwili, na njiani vidonda vya kinywa hutokea.

Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliweka Kenya kwenye wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 42,000 na vifo zaidi ya 27,000. Ili wote wasikimbilie Nairobi, serikali ilichagua miji mitatu iwe na vituo vya saratani vya kanda: Nakuru, Garissa na Mombasa yetu. Nakuru huwapokea watu wa Molo, Njoro, Gilgil, Baringo, Nyandarua, na pia Waswahili wa mtaa wa Bondeni ambao babu zao walitoka huko mliko. Ninayoyaona hapa ndiyo yanayowapata na nyinyi.

Dawa ya kusukutua hutengenezwaje

Watu hudhani ni kuchanganya tu. Kazi yenyewe ina vikwazo vinne.

Cha kwanza ni mate. Mate huosha dawa ndani ya dakika chache. Kwa hiyo watengenezaji huongeza kitu cha kunata, kama utomvu au ute wa mimea, ili dawa ishike kwenye ngozi ya kinywa bila kuwa nzito kiasi cha kumtapisha mgonjwa.

Cha pili ni uchachu. Maji yenye asidi huchoma kidonda, kama ndimu inavyochoma. Dawa nzuri hukaribiana na hali ya mate yenyewe.

Cha tatu ni kileo. Dawa nyingi za kusukutua za dukani zina kileo, kwa ajili ya kuyeyusha na kuhifadhi. Kileo hukausha na kuunguza kinywa chenye vidonda. Mgonjwa wa saratani asome chupa na achague isiyo na kileo, awe Muislamu au asiwe.

Cha nne ni joto. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, asubuhi tunavaa sweta. Chupa ile ile ikipelekwa Mombasa hukaa kwenye chumba chenye joto usiku na mchana. Ndiyo maana kiwanda hutakiwa kuiweka dawa kwenye joto la sentigredi 40 na unyevu wa asilimia 75 kwa miezi sita, kuona kama itabadilika. Mchanganyiko unaotengenezwa na mfamasia hospitalini haujapita mtihani huo. Ndiyo maana hupewa siku chache za matumizi. Tafadhali usimhifadhie jirani chupa ya mwezi uliopita.

Zilizopimwa na zilizoshindwa

Chama cha kimataifa cha wataalamu wa huduma kwa wagonjwa wa saratani, MASCC, hukusanya tafiti na kutoa mwongozo. Toleo la 2020 ndilo ninalolifuata zaidi. Haya ndiyo muhimu kwa msomaji wa kawaida.

Benzidamini. Hii ni dawa ya kupunguza uvimbe iliyotoka Italia katika miaka ya 1960. Mwongozo unaipendekeza kuzuia vidonda kwa wanaopata mionzi ya kiasi cha wastani kichwani na shingoni. Ukiwa na nafasi ya kununua dawa moja ya dukani kwa ajili ya mionzi, muulize daktari wako juu ya hii kwanza.

Klorheksidini. Wengi huikimbilia kwa sababu inaua vijidudu na daktari wa meno huitoa. Lakini kwa kuzuia vidonda vya mionzi ya kichwa na shingo, mwongozo unashauri isitumike. Haisaidii kwa hilo, inaweza kuchoma, na hutia meno rangi.

Mchanganyiko wa ganzi. Huu ni wa lignokeni ya kutia ganzi, dawa ya mzio na dawa ya kiungulia. Marekani wameupa jina la utani lenye maana ya maji ya miujiza. Mwaka 2019 lilichapishwa jaribio la wagonjwa 275 wa mionzi huko Marekani. Wengine walipewa mchanganyiko huu, wengine dawa ya doksepini, wengine maji yasiyo na dawa. Dawa zote mbili zilipunguza maumivu katika saa nne za mwanzo kuliko yale maji, lakini tofauti ilikuwa ndogo kuliko kiwango ambacho watafiti wenyewe walikiita cha maana kwa mgonjwa. Nautoa mchanganyiko huu, kwa sababu nusu saa ya kula uji ni nusu saa. Lakini simwambii mtu kuwa ni muujiza.

Deksamethasoni. Hapa kuna ushindi wa wazi, ila kwa kundi dogo: wanawake wenye saratani ya matiti wanaotumia vidonge vya everolimasi. Utafiti wa 2017 uliwapa dawa hii wasukutue kwa dakika mbili mara nne kwa siku tangu mwanzo wa matibabu. Baada ya wiki nane, waliopata vidonda vya daraja la pili au zaidi walikuwa asilimia 2. Katika utafiti wa awali, bila kusukutua, walikuwa asilimia 33. Somo ni kwamba vidonda si vya aina moja, na dawa iliyomsaidia jirani huenda isikuhusu.

Barafu. Si dawa, lakini inafanya kazi. Anayechomwa florourasili kwa sindano ya mara moja akinyonya vipande vya barafu kwa dakika 30, kuanzia dakika tano kabla ya sindano, mishipa ya kinywa husinyaa na dawa kidogo hufika humo. Jambo hili linajulikana tangu 1991. Tahadhari: anayepewa oksaliplatini asinyonye barafu, kwani dawa hiyo huufanya mwili uumwe na baridi.

Morfini. Mwongozo unakubali morfini ya kusukutua kwa maumivu makali ya mionzi inapoambatana na dawa. Lakini maumivu yakizidi, mgonjwa anahitaji morfini ya kumeza. Uganda imetufundisha hilo: Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na morfini ya maji, iliyotengenezwa kwa unga na maji, ikawafikia watu wa vijijini. Kwetu hutolewa kwa cheti cha daktari. Nakuru Hospice na Coast Hospice ni mahali pa kuuliza. Kwenda hospisi si kukata tamaa. Ni kutafuta watu wanaojua maumivu.

Chumvi, soda na kosa langu

Mwaka 2000 watafiti wa California walichapisha jaribio lililolinganisha vitu vitatu kwa wagonjwa wa tibakemikali waliokwisha kupata vidonda: klorheksidini, mchanganyiko wa ganzi, na maji ya chumvi na soda. Wote walifundishwa kutunza kinywa kwa utaratibu. Vidonda vilipona kwa muda uleule, wastani wa siku saba hivi, na hakuna dawa iliyoishinda nyingine. Iliyokuwa rahisi kuliko zote ni chumvi na soda. Utaratibu wa kusafisha ndio uliofanya kazi kubwa.

Tangu nilipousoma utafiti huo nawaandikia wagonjwa chumvi na soda bila haya. Na hapo ndipo nilipokosea.

Mzee mmoja alikuwa wiki ya tatu ya mionzi. Alitoka mbali, dirishani kwangu kulikuwa na foleni. Nikamwambia kwa haraka, "Mzee, weka chumvi na magadi kwenye maji, usukutue." Alirudi baada ya siku chache ameshika kitambaa mdomoni. Midomo imebabuka, na siku tatu za mionzi zimempita. Nilimwuliza ametumia nini. Akatoa mfukoni kijikaratasi chenye mawe meupe ya sokoni, yale ya kulainishia maharagwe na mboga. Nilimwambia magadi, naye alitumia magadi.

Magadi ya mawe, kama yale ya Ziwa Magadi, yana kaboneti ya sodiamu, ni makali kuliko soda ya kuokea, na hubabua kidonda. Soda ya kuokea ni bikaboneti ya sodiamu, unga laini mweupe wa pakiti. Kwa Kiswahili chetu vyote viwili watu huviita magadi. Mzee hakukosea. Mimi ndiye niliyempa neno badala ya maelekezo. Nilimwomba radhi, tukampigia daktari, akaendelea na mionzi wiki iliyofuata. Tangu siku hiyo naweka pakiti ya soda dirishani, namwonyesha mgonjwa kwa macho, na namwomba anirudishie maelezo kwa maneno yake mwenyewe.

Basi maelekezo ni haya:

- Chemsha lita moja ya maji, yaache yapoe.
- Tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kijiko kimoja cha chai cha soda ya kuokea. Si hamira, si unga wa kuumulia keki, na si magadi ya mawe.
- Sukutua taratibu kwa nusu dakika, kisha tema. Fanya hivyo kila baada ya kula na kila saa mbili au tatu ukiwa macho.
- Yaliyobaki jioni yamwage. Kesho tengeneza mengine.

Asali ya Baringo

Huku hakuna anayeugua asiletewe asali ya Baringo. Nilikuwa naicheka kimoyomoyo, mpaka niliposoma. Mwaka 2003 madaktari wa Malaysia walichapisha jaribio dogo la wagonjwa 40 wa mionzi ya kichwa na shingo. Waliopewa asali kabla na baada ya mionzi, vidonda vikali viliwapata asilimia 20. Wasiopewa, asilimia 75. Tafiti nyingine zikafuata, na mwongozo wa 2020 ukaitaja asali kama jambo linaloweza kusaidia kuzuia vidonda kwa wagonjwa hao.

Lakini asali ni sukari. Mwenye kisukari aulize kwanza. Asukutue kwa maji baada ya muda ili meno yasioze, kwani mionzi hukausha mate na meno huoza upesi. Ambaye chembe nyeupe za damu zimeshuka asitumie asali mbichi bila ruhusa ya daktari. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa. Na asali ya chupa barabarani iliyochanganywa na sukari guru haimo kwenye utafiti wowote.

Ya kufanya nyumbani

Kabla ya mionzi au dawa kuanza, mwone daktari wa meno ang'oe na kuziba panapohitaji. Mswaki wa mti weka kando; tumia mswaki laini sana. Acha tambuu, ugoro, sigara, miraa na muguka. Ndimu, pilipili, achari na chai ya moto sana zisubiri. Bokoboko laini, uji wa mchele, ndizi mbivu, maziwa na maji ya dafu vitapita. Meno ya bandia yavuliwe usiku.

Ukipewa dawa ya ganzi, usile papo hapo. Koo likiwa na ganzi chakula hukosea njia, na ulimi hung'atwa bila kuhisi. Mtoto asipewe ganzi hiyo kwa kukisia; ikizidi inaweza kumletea degedege.

Ramadhani huulizwa kama kusukutua kunabatilisha saumu. Mimi si sheikh. Ninalolijua ni kwamba mgonjwa ana ruhusa yake katika dini, na kwamba maji ya kusukutua hutemwa. Yaliyobaki muulize sheikh wako, na daktari akwambie kama mwili unahimili kufunga.

Usingoje kliniki

Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata usiku, ukiona moja kati ya haya: homa ya sentigredi 38 au zaidi kwa aliyepewa tibakemikali, kushindwa kunywa maji, damu isiyokatika kinywani, au utando mweupe unaoenea, ambao huenda ni fangasi na unataka dawa yake, kama nistatini.

Nawafahamu watu wetu. Mgonjwa wa pwani huona haya kulalamika, na anayemuuguza huona daktari ana kazi nyingi. Yule mzee wangu alipobabuka hakuja siku ya kwanza. Alikaa kimya nyumbani akidhani ndivyo dawa inavyofanya kazi. Siku tatu zile zilipotea kwa neno langu na kwa kimya chake. La kwangu nimelirekebisha. La kimya naliacha mikononi mwenu: mwulize mgonjwa wako leo amekula nini, na akisema "uji tu," mpigie daktari.